Papa Anayefunika Macho

"Hivi yule mtu aliyeingia bwawani kumtafuta mume wako, alimpata ama hakumpata?"

Jerusa aliniuliza hivyo zamani, mwaka wa pili baada ya mazishi, tukichuma chai, shamba lake na langu yakipakana. Hakuniangalia. Jerusa akitaka kukuchoma huwa anaangalia majani. Nikamjibu hakumpata, Kimulot nzima inajua hakumpata, Isaiah alielea mwenyewe siku ya tatu. Akatupa konzi ya majani kikapuni nyuma ya bega lake.

"Sawa, mama Chepkorir. Nimeuliza tu. Mtu akikosa kitu kwa maji, anatoka akigeuka kuangalia maji. Huyo alitoka akiangalia miguu yake."

Juma lile zima nilimwombea Jerusa, Mungu amtoe ulimi huo. Ulimi haukutoka, na swali halikutoka. Lilikaa mahali fulani nyuma ya maombi yangu, likakaa miaka minne, mpaka Jumamosi ile ya Julai ambayo Ouko alikuja kwangu kujitambulisha.

Mvua iliwatangulia wageni. Ouko aliingia amelowa mpaka soksi, kwa sababu mwavuli alikuwa amempa shangazi yake Beldina, aliyemlea huko laini, kwenye kambi za wafanyakazi wa esteti ya chai. Meno yake yalikuwa yakigongana. Mtu ambaye kazi yake ni kuzama kwenye bahari ya baridi, na baridi ya Kimulot ilikuwa inamshinda mlangoni kwangu. Nilicheka kidogo. Akaniangalia, na macho yake yakakaa juu yangu muda ambao mwanamume hapaswi kumwangalia mjane mbele ya wakwe zake. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, shemasi wa kina mama kanisani, na moyo ulinipiga kama wa msichana wa darasa la saba.

Labda ndiyo maana nilifanya kitu ambacho sikukipanga. Nilienda nyuma ya mlango, nikatoa koti la Isaiah kwenye msumari, nikamvisha.

Lilikuwa koti zito la kijani, la watu wa pampu pale esteti. Siku ile Isaiah alilivua, akalitundika kwenye kibanda cha pampu, akaingia bwawani kuondoa magugu yaliyoziba mdomo wa bomba. Ndiyo maana koti lilirudi nyumbani likiwa kavu. Tangu hapo hakuna mkono ulioligusa isipokuwa wangu, nikilikung'uta vumbi.

Mama mkwe wangu aliona. Alikuwa ameketi karibu na jiko, fimbo magotini. Kijiji chote kinamwita Kogo, yaani nyanya, hata wazee wanaomzidi ndevu. Alihamisha tu fimbo kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Kipngetich, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyesema.

"Mke wa Isaiah, hiyo koti imepata mwenyewe?"

"Mgeni amelowa, shemeji."

"Hata mbwa wangu amelowa. Tuombe."

Tukainamisha vichwa. Kipngetich akaomba akiwa amesimama. "Baba wa mbinguni, unajua kuna wageni wanakuja mchana na mikono mitupu, na wanataka kurudi wamebeba kitu ya wenyewe. Utufungue macho. Amina."

"Amina," akasema shangazi Beldina, kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. "Na uwafundishe wenye nyumba kuuliza wageni habari ya njia."

"Habari ya njia, mama," Kipngetich akasema, akikaa.

"Njia ni mzuri. Kutoka laini mpaka hapa ni vilima tatu, na hizo vilima mimi nimechuma chai yake miaka thelathini na nane. Wewe Kipngetich nakujua tangu ukivaa kaptula ya shule ikiwa na madirisha mawili huku nyuma."

Mdomo wa Kogo ulicheza kidogo, akauzuia. Mimi niliinuka kumimina chai ili nipate kitu cha kufanya na uso wangu.

Ouko alikuwa ameomba likizo katikati ya msimu wake. Mtu asiyejua kazi yake hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Huko Afrika Kusini, kwenye ghuba moja karibu na Cape Town, yeye huwashusha wageni chini ya bahari na mitungi ya hewa mgongoni, na miezi yao ya kazi ni hii yetu ya baridi, Juni mpaka Septemba. Aliacha hiyo Julai yake akaja kukaa mbele ya watu wasiompenda. Jumatatu alikuwa arudi.

"Nasikia," Kipngetich akaanza, "kazi yako ni kuangalia samaki."

"Ni kupeleka watu chini wawaone, ndugu."

"Mimi si ndugu yako."

"Mzee."

"Wanawaona, halafu wanawakula?"

"Hapana, mzee. Wanawaona tu."

"Wanakulipa waone samaki na hawawali." Kipngetich akanigeukia. "Shemeji, umesikia? Na hii yote wakati wa baridi."

"Wakati wa baridi ndiyo mzuri," Ouko akasema, na sauti yake ikabadilika kama inavyobadilika kila akiyataja maji. "Wakati wa joto upepo wa kusini unapiga ghuba, mchanga unapanda, huoni hata mkono wako. Baridi ikiingia, upepo unageuka, unatoka nchi kavu, unalaza mawimbi. Maji yanakuwa safi, unaona mbali kama kutoka hapa mpaka kwa choo ya jirani, siku zingine mbali zaidi. Lakini ni baridi ya kukata. Unavaa mpira mzito mwili mzima, kofia ya mpira, glavu. Baada ya dakika arobaini mdomo haukusikii tena. Ukitaka kucheka, unacheka kama mtu ametoka kung'olewa jino."

Niliyajua hayo yote. Nilikuwa nimeyasikia kwa miaka.

Ilianza na salamu za pole alizonitumia, kwa kuwa yeye ndiye aliyeingia bwawani siku ile, kutoka Mombasa, alikokuwa akiosha mitungi ya wapiga mbizi kwenye hoteli moja. Nikamjibu asante. Halafu akaenda kusini, na kila Julai sauti yake ikawa inaingia kwenye simu yangu jioni, nami naisikiliza asubuhi nikichuma, waya sikioni chini ya kitambaa, watu wakidhani nasikiliza mahubiri. Leo, Rodah, sili, mnyama wa baharini, amenivuta kiatu cha kuogelea kama mtoto anayetaka kucheza, meno yake kama ya mbwa. Leo pweza amekusanya kauri zilizovunjika akajifunika, akabaki jicho moja linanikodolea. Leo hatukumwona nyangumi, ila tulimsikia. Wanakuja kuzaa pale wakati wa baridi, na akiimba husikii kwa masikio, unasikia hapa kifuani, ubavu unatetemeka. Nilikuwa nikisimama katikati ya chai, mkono kifuani, umande unanilowesha sketi, na Jerusa ananiuliza kama nimeumwa na siafu.

Kulikuwa na mmoja niliyempenda kuliko wote. Papa mdogo, urefu wa mkono, ana madoa kama ya nyoka. Ouko alisema papa huyo akiguswa haumi wala hakimbii. Anajikunja awe duara, anafunika macho kwa mkia wake mwenyewe, anangoja hatari ipite. Nilimwambia anitumie picha. Akanitumia. Ndiyo picha iliyokuwa kwenye kioo cha simu yangu, na binti yangu Chepkorir akirudi kutoka shule ya bweni hunicheka, ati mama ana mpenzi samaki.

Ouko akatoa simu yake, akamwinamia Kogo. "Mama, naomba nikuonyeshe."

Kogo aligeuza uso kwanza. Halafu akatazama kwa jicho moja. Kwenye simu, maji ya kijani yalikuwa yanapumua, na ndani yake miti mirefu imesimama, inaegemea huku, inaegemea kule, mwanga unashuka katikati.

"Hiyo ni msitu?"

"Ni mwani, Kogo. Unamea kutoka chini mpaka juu, mrefu kama mkaratusi."

"Nani amekuambia uniite Kogo? Mimi si nyanya ya mtu wa baharini." Lakini hakuurudisha uso. "Na hiyo inapita?"

"Papa mkubwa. Mpole. Ana nafasi saba za kupumulia kila upande, papa wengine wana tano."

"Hm," akasema Kogo. "Mungu alikuwa na wakati."

Nikamwona Kipngetich akiona kwamba mama yake anateleza. Akakohoa.

"Hata Yona alienda huko chini. Mnakumbuka kwa nini? Alikuwa anakimbia. Mimi sijawahi kusoma mahali mtu mwenye moyo safi ameenda kuishi chini ya maji."

"Petro alikuwa mvuvi," Beldina akasema.

"Petro alikaa kwa mashua, mama. Juu."

"Alizama kidogo. Soma vizuri."

"Wacha nimalize. Shemeji, mimi nitasema mbele yao. Hii chai ilipandwa na baba yangu, akampa Isaiah, na Isaiah akakuachia wewe na mtoto. Hatujakusumbua. Umekaa kwa heshima, ukiingia kanisani watu wanakunja miguu upite. Sasa unataka kuolewa na mtu wa laini, mtu wa kabila ingine, ambaye mwaka nusu ako huku na mwaka nusu ako kwa tumbo la bahari. Ukikubali, sawa. Chai inabaki ya Isaiah, na wewe hata kwa matanga yetu usikanyage. Mimi na nyumba yangu hatutakujua."

"Mimi sijaomba chai," Ouko akasema taratibu. "Nimeomba Rodah. Harusi ni Desemba, kanisani kwake, si kwangu. Atakaa hapa hapa. Mimi nitakuwa naenda baridi na kurudi."

"Na usiporudi? Avae nyeusi mara ya pili kwa ajili ya maji?"

Nami swali hilo nilikuwa nimelipigia magoti usiku mwingi, na nilikuwa na jibu langu. Nikasema, "Shemeji, huyo Mungu anayeona bwawa letu anaona na bahari. Mimi nimeomba, nimefunga, nimekubali. Kama ni kunitoa, mnitoe. Lakini msiseme sikuwaambia."

Nilisema nikiwa nimeshika birika. Ouko akaniangalia na macho yake yakajaa. Sijawahi kupendwa kwa macho namna ile, hata na Isaiah, Mungu amrehemu, ambaye mapenzi yake yalikuwa kunipasulia kuni bila kuambiwa.

Ndipo Kogo akafanya kitu ambacho Kipngetich hakutegemea. Akajikokota kwa fimbo mpaka kwenye kabati, akashusha kibuyu cha mursik, akakitikisa, akamimina maziwa yale mazito yenye masizi kwenye kikombe cha bati. Mimi nikafumba macho nikasema asante ndani kwa ndani.

Katika nyumba ya mama mkwe wangu kuna desturi moja ambayo hata mchungaji wetu anaijua na hajaikataza. Mtu akija kuomba binti au mke, mama wa nyumba humpa maziwa kwa mkono wake mwenyewe na kumuuliza: una neno? Akiwa hana, anasema sina, anakunywa, na tangu hapo ni mtu wa nyumba, awe wa kabila lolote. Akiwa nalo, analisema kwanza. Ni maziwa tu. Lakini sijaona mtu akiyanywa na neno tumboni.

"Mama, hapana," Kipngetich akasema.

"Nyamaza. Isaiah ni wa tumbo langu, si wa tumbo lako." Akampa Ouko kikombe. "Mimi ni mzee, sitaki kwenda kwa mchanga nikigombana na mtu ya maji. Una neno?"

Ouko alipokea kwa mikono miwili. Mikono ya koti ilikuwa mirefu kwake, ikafunika vidole. Nilingoja aseme sina. Nilikuwa nimemfundisha kwa simu juzi yake, nikacheka, nikamwambia ni neno moja tu, hata wewe hutalikosea.

Hakusema.

Aliangalia kikombe. Halafu akaangalia miguu yake.

Na mimi nikasikia sauti ya Jerusa kati ya majani ya chai, wazi kama aliyesimama nyuma yangu.

Mvua ya mawe ikaanza wakati huo huo. Wanaokaa huku kwetu wanajua jinsi inavyokuja, haibishi hodi. Ilipiga mabati kama lori linamwaga kokoto, na mazungumzo yote yakafa, kwa sababu hata ukipiga kelele mtu wa kando hakusikii. Kipngetich aligeukia dirisha. Chai yake na yangu ilikuwa inachanwa huko nje. Beldina alifunga mikono kifuani. Kogo alibaki amesimama mbele ya Ouko, akingoja.

Tulikaa hivyo labda dakika sita. Mimi sikuangalia dirisha. Nilimwangalia Ouko. Nilitaka ainue uso, anipe yale macho niliyoyazoea, anionyeshe kwamba ni baridi tu, ni aibu ya mgeni. Aliweka kikombe sakafuni bila kumwaga. Akainua mkono, ule mkono wa koti la Isaiah, akaupitisha mbele ya uso wake. Akafunika macho.

Mawe yalipopungua, mimi ndiye niliyeuliza.

"Ouko. Ulimpata ama hukumpata?"

"Rodah..."

"Nimekuuliza swali ya watu wote."

Alishusha mkono. "Nilimpata," akasema.

Kipngetich akageuka kutoka dirishani.

"Ngoja," Ouko akasema. "Wacha niseme yote, kwa sababu nikikatishwa sitaweza tena. Mzee, wewe ndiye ulinifunga kamba kiunoni. Unakumbuka? Nilikuwa nimetoka zamu kiwandani, nimepita tu na wengine kuona ni nini. Ukanishika shati ukasema, wewe ni mtu wa ziwa, ingia. Watu wote wakasema, ndio, mtu wa ziwa aingie. Mimi nimezaliwa laini, kambi ya sita. Ziwa nimeliona mara mbili kabla ya siku hiyo, mara zote nikienda matanga. Sikujua kuogelea hata kama kuku."

"Si ungesema," Kipngetich akasema.

"Ningesema nini mbele ya watu hamsini? Mjaluo haogelei? Mngecheka mpaka leo. Nikaingia. Nikazama kwa uzito wa gumboti. Ilikuwa Julai kama hii, maji ya kukata, giza tupu, nimefunga macho, napapasa. Pale karibu na mdomo wa bomba mkono wangu ukagusa sweta." Akatazama mikono yake. "Halafu kitu kikanishika. Hapa."

Alisukuma juu mkono wa koti, akaonyesha kifundo cha mkono wa kushoto.

"Vidole," akasema. "Pumzi ilikuwa imeniisha. Nilidhani ananivuta. Nikavifungua. Kimoja, kimoja. Nikatingisha kamba mkanitoa. Mkaniuliza, yuko? Nikasema hayuko. Mkauliza nimetafuta wapi. Nikasema huko kwa bomba hakuna kitu, jaribuni upande wa ukingo."

Siku mbili. Siku mbili wanaume wa Kimulot walivuta nyavu na miti upande wa ukingo, na mimi nimekaa kwenye nyasi na leso kichwani, natazama mahali ambapo mume wangu hakuwa.

"Kwa nini?" Kogo akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niliogopa mngenirudisha chini, mama. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta, hakuna."

Kisha akaniangalia mimi, na alipoanza tena alikuwa anasema na mimi peke yangu. "Nilienda kujifunza maji kwa sababu ya aibu hiyo. Mwaka wangu wa kwanza kusini walitufundisha kuokoa watu kwenye maji ya baridi. Mwalimu akasema, mtu aliyezama kwenye baridi usiharakishe kumwita maiti. Mara chache, mara chache sana, wamevutwa nje hawapumui, wakapashwa joto, wakarudi. Niliomba ruhusa, nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika."

"Kwa hiyo Isaiah alikuwa mzima," nikasema.

"Sijui. Nilipoingia zilikuwa zimepita kama dakika kumi na tano. Labda vidole vilijikaza tu vyenyewe. Hakuna mtu duniani anaweza kukuambia, Rodah. Ninachojua ni kwamba nilisema hayuko."

Kipngetich alipiga meza, vikombe vikaruka. "Toka. Toka kwa nyumba ya ndugu yangu, na uvue hiyo koti yake. Muuaji. Unakuja kuoa bibi ya mtu uliyemwacha..."

"Na wewe?" Beldina alikuwa ameinuka. Mama mfupi, lakini alimfikia. "Nani alifunga kamba? Ndugu ni yako, maji ni ya kwenu, na mikono ulikuwa nayo mbili. Mbona hukuingia wewe? Ulishika mtoto wangu kwa shati kama mbuzi, ukamtupa, kwa sababu baba yake alitoka ziwani. Muuaji ni nani hapa? Haya, niambie."

"Mimi sijui kuogelea," Kipngetich akasema.

"Na yeye alijua?"

Kipngetich alikaa chini polepole, mikono yake mikubwa ikining'inia kati ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaona kidevu chake kinatetemeka.

Kogo hakuwa amewasikiza. Alitupa fimbo, akapiga goti moja kwa shida mbele ya kiti cha Ouko, akauchukua ule mkono wa kushoto. Akakifunika kifundo kwa viganja vyake viwili, pale pale vidole viliposhika. Akaushika. Macho yake yalikuwa yamefumbwa na midomo inasema kitu kwa Kipsigis, taratibu, kama mtu anayemwimbia mtoto. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka ukingo wa mabati.

Mwishowe akafungua macho, akaokota kikombe kutoka sakafuni, akamwekea Ouko mkononi.

"Sasa huna neno," akasema. "Kunywa."

"Mama!" Kipngetich akasema.

"Nimesema anywe. Hii mkono ndiyo ya mwisho kushikwa na mtoto wangu. Nitaifukuza iende wapi?"

Ouko alikuwa analia wazi, bila kujificha, kama mtoto. Aliinua kikombe nusu, akakomea hapo, akanigeukia. Wote wakanigeukia. Mlango niliouombea miaka mitatu ulikuwa wazi. Aliyeufungua ni mama wa marehemu mwenyewe, na Kipngetich hakuwa na nguvu ya kuufunga. Nilichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa.

"Rodah," Ouko akasema. "Sema kitu. Hata unitukane."

Nilitazama uso wake. Nilikuwa bado nampenda. Nasema hivi mbele za Mungu kwa sababu ni kweli, na kupenda huko kulikuwa kunaniuma kama ugonjwa. Nilikumbuka asubuhi zote zile kwenye chai, sauti yake sikioni, mkono wangu kifuani. Nikakumbuka vidole vya Isaiah. Kidole cha shahada kilikuwa na kovu la panga, kilikuwa hakikunji vizuri. Kingekuwa rahisi kufungua kuliko vingine.

"Kila Julai," nikasema, "umenieleza kila kitu kilicho chini ya maji. Sili na meno yake. Pweza na jicho lake. Nyangumi na mtoto wake. Nimejua mpaka papa ana nafasi ngapi za kupumulia, mimi mtu wa darasa la saba ambaye sijaona bahari. Mmoja tu ndiye hukunitajia."

"Nilitaka. Kila siku nilitaka."

"Si kwamba ulimwacha, Ouko. Uliogopa, hata mimi ningeogopa. Lakini uliacha nikupende kwanza."



Nikanyosha mkono.

Hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa. Aliweka kikombe juu ya meza, maziwa yakiwa vilevile, akalivua koti la Isaiah, kwanza bega hili, halafu lile, akanipa. Chini yake shati lilikuwa bado limelowa, limemgandia mbavuni, na meno yakaanza tena kugongana. Sikutafuta kitu kingine cha kumfunika.

Nikalivaa mimi. Lilikuwa zito, na ndani lilikuwa na joto lake, hilo sikuweza kulizuia. Nikafunga vifungo mpaka shingoni. Nikampita Kogo aliyekuwa bado amepiga goti, nikampita Kipngetich, nikavaa gumboti mlangoni. Nyuma yangu nilisikia jina langu likiitwa mara moja, taratibu.

Nje mawe yalikuwa meupe juu ya chai yote mpaka kule chini kwenye bwawa la esteti. Nikashika njia ya kuteremka huko, niende kuangalia upande wa bomba, barafu ikivunjika chini ya miguu yangu, na sikugeuka.